Nilivyomwachisha Kaka Kusema Kesho

Juzi alikuja binti mmoja kwenye ushirika wetu wa mafundi cherehani, hapa Nyamirambo, Kigali, kutufundisha namna ya kuacha tabia mbaya za kazi. Binti mzuri, ana adabu zake, kasoma Kampala. Akatuuliza, nani hapa amewahi kumwambia mteja aje kesho huku anajua kesho hakuna kitu? Wenzangu wakacheka, wakainua mikono. Akasema tabia ni kitu cha kuvunjika, mtu akiamua. Mimi nikasimama, nikachukua kikapu changu, nikatoka. Wakadhani ni uzee umenipanda kichwani. Waache wadhani. Tabia hiyo niliwahi kuivunja kwa mikono yangu, tena si yangu bali ya kaka yangu, na ilivunjika vizuri kabisa, ikavunjika isiungike tena. Tangu hapo sitaki mtu anihubirie habari za kumaliza kazi kwa wakati.

Baba yetu alikuwa fundi Biryogo. Babu yake alikuja huku na misafara ya wafanyabiashara kutoka Ujiji, akaoa, akabaki. Kwa hiyo ndani ya nyumba tulisema Kiswahili, barabarani Kinyarwanda, na baba aliongeza Kifaransa cha kuokoteza kwa ajili ya wateja wakubwa wa Kiyovu. Alifariki mwaka tisini, kabla kidogo ya vita kuanza kule mpakani. Alituachia nyumba, na chumba cha mbele cha nyumba hiyo ndicho kilikuwa duka. Palikuwa na meza ya kukatia, pasi ya mkaa, cherehani mbili, na benchi la wateja pale barazani. Mama hakuwa na kitu kingine duniani. Kaka akakalia kiti cha baba. Mimi nilirudi nyumbani mwaka uliofuata, baada ya mume wangu kuniacha, nikakalia cherehani ya pili. Duka lile likifa tumekwisha sote watatu, na hilo tulilijua bila kuambiana.

Na duka lilikuwa linakufa. Sikuhitaji wiki nyingi kuliona.

Msidhani kaka alikuwa mvivu. Laiti angekuwa mvivu, mvivu unamjua, unampiga maneno anaamka. Kaka alikuwa anaamka alfajiri, anaswali, anakaa kwenye cherehani mpaka mgongo unamkatika, na jioni hakuna hata nguo moja iliyotoka mlangoni. Nilikuwa namtazama hivi, nasema moyoni, huyu mtu anakanyaga nini siku nzima?

Ugonjwa wake ulianzia kwenye mkasi. Mteja akiingia na kitambaa, kaka anampima haraka haraka, anakitandika mezani, anapiga chaki, anakata. Hapo hapo, mteja mwenyewe anaangalia. Hata kama ana nguo za watu ishirini zinamsubiri, hiki kipya lazima kikatwe leo. Kwa nini? Kwa sababu kitambaa kizima mteja anaweza kukirudia, akakipeleka kwa mafundi kutoka Zaire waliokuwa wamejaa mtaa wa chini, wanaojua mitindo. Kilichokatwa hakiendi popote. Nani atapokea vipande vya fundi mwingine? Ukishakatiwa umefungwa, utamsubiri fundi wako hata kama anakutukana. Mafundi karibu wote wa Biryogo walikuwa na mchezo huo, ila kaka aliufanya ndiyo dini.

Basi nyuma ya pazia la duka kulikuwa na mafurushi hadi darini. Kila furushi ni nguo ya mtu, imekatwa, imefungwa kwa kitambaa chake chenyewe, haijapigwa hata mshono mmoja. Na kaka akishona, anashona ya nani? Ya anayepiga kelele. Anakuja mama mmoja, karani wa ofisi za Kiyovu, anashushwa na gari, mdomo unamtangulia: "Fundi, nguo yangu iko wapi? Kila siku kesho, kesho!" Kaka anaacha suruali aliyoshika, anatoa uzi mweusi, anatia mwekundu, anabadilisha na bobini ya uzi wa chini, anaanza gauni la karani. Gauni halijafika kiunoni, anaingia bwana mwingine mwenye sauti nene. Gauni chini, koti juu, uzi unabadilishwa tena. Siku nzima ni kubadilisha uzi. Wale wenye adabu zao, wanaokaa kwenye benchi wakisema "hakuna shida, fundi," ndio waliooza pale nyuma ya pazia.

Na uongo wake mnaujua, ni wa mafundi wote. Imebaki pasi tu. Vifungo vimekwisha sokoni. Njoo kesho mchana. Alikuwa anasema kwa uso mkavu, kwa tabasamu, anamshika mteja bega. Watu walimpenda, ndilo lililokuwa linaniudhi. Mtu anakuja amekunja uso, anaondoka anacheka na hana nguo.

Nilimwambia mara nyingi, kwa upole, maana ni kaka yangu mkubwa na mimi nilikuwa mwanamke niliyeachika, nakula kwenye sahani yake. Akanijibu, "Mdogo wangu, wewe shona. Mambo ya wateja niachie mimi." Mama naye alikuwa upande wake. Mtoto wa kiume pekee, atakosea wapi?

Mwaka wa tisini na mbili akaja mama mmoja wa Kibagabaga. Siku hizo Kibagabaga ilikuwa migomba na mashamba ya maharage, hakuna hospitali, hakuna lami. Alikuwa anakuja kwa miguu, viatu ameviweka kwenye mfuko ili visichafuke, anavivaa akifika kwenye kona yetu. Binti yake mkubwa alikuwa anaolewa. Alileta kitambaa cha mshanana, lile vazi letu la sherehe lenye sketi ndefu, blauzi, na shuka ya kutupia begani, kitambaa kizuri, chepesi, rangi ya maji ya limau. Nilikishika nikatamani kingekuwa changu. Kaka akakikata palepale, mama wa watu akatabasamu kwa furaha, akajua kazi imeanza.

Alikuja tena na tena. Kila mara anasalimia kila mtu, anakaa kwenye benchi, anaambiwa kesho, anasema, "Haya, fundi, Mungu akusaidie." Safari zile zote kutoka Kibagabaga hadi Biryogo, na kurudi, kwa miguu. Mimi nilimwambia kaka, huyu harusi yake imekaribia, nipe mimi nishone. Akasema ameshaianza. Haikuwa kweli.

Siku ya harusi yenyewe yule mama alikuwa barazani kwetu kabla jua halijatoka. Hakugombana. Alisema tu, "Fundi, ni leo." Kaka akakimbilia furushi, akalifungua, na nikaona uso wake unabadilika rangi. Kumbe siku ile ya kukata alikuwa amekata vitambaa vya watu kadhaa kwa mkupuo, na vipimo vilikuwa kichwani mwake, vikachanganyika. Blauzi ya bibi harusi ilikuwa imekatwa kwa mwili wa mtu mwingine, mtu mfupi na mwembamba kuliko yule binti. Haikuwezekana kuongeza, na kitambaa kilichobaki hakikutosha hata mkono. Akajaribu kuunga hapa na pale, akafumua, akaunga tena, jasho linamdondokea juu ya kitambaa. Jua likapanda. Yule mama akasimama, akaomba vipande vyake, akavikunja kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wake pamoja na viatu. Akasema, "Asante, fundi. Umejitahidi." Akaenda zake peku.

Binti aliolewa kwa nguo ya kuazima. Tulisikia baadaye.

Kaka alikaa chini ya meza ya kukatia, chini kabisa, kwenye vumbi na vipande vya nyuzi. Kama angetukanwa angejua la kufanya, kutukanwa alikuwa amezoea. Ile asante ndiyo iliyomuua. Na mimi, badala ya kumwonea huruma, nilijisemea hapa hapa, sasa hivi, chuma kingali cha moto. Nikamtolea uvivu mbele ya mama. Nikamwambia wewe si fundi, wewe ni mfungwa, na umewafunga na wengine. Unakata kwa woga. Unaogopa Mzaire wa mtaa wa chini asikuchukulie mteja, basi unamkamata mteja kwa mkasi. Unaanza nguo za watu wote humalizi ya mtu yeyote. Baba angefufuka leo angekupokonya hicho kiti. Mama akapiga ukelele kwamba nimemtukana kaka yangu. Kaka akasema, "Mwache, Mama. Anasema kweli." Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtoto, "Sasa nifanye nini?"

Nikachukua mkasi wa baba, ule mkubwa wa chuma kizito, nikaufunga kiunoni kwangu kwa kanga. Nikamwambia kuanzia leo mkasi unakaa hapa. Nguo moja ikitoka mlangoni, imeshonwa, imepigwa pasi, mwenyewe ameivaa ameridhika, ndipo kitambaa kimoja kitakatwa. Kimoja. Anayepiga kelele atapiga mpaka achoke.

Mnadhani wateja walifurahi? Walituona wendawazimu. Mtu analeta kitambaa, naandika jina lake juu ya karatasi, nabandika kwa pini, nakiweka rafu ya juu kizima kama kilivyo. Ananikodolea macho. "Mbona hukati?" Nitakata siku nitakayokishona. "Sasa kama hujakata nitajuaje utashona? Unataka kukiuza?" Nilikuwa namweleza mtu mzima, mwenye akili timamu, kwamba kitambaa chake kiko salama zaidi kikiwa kizima, naye anakichomoa rafuni na kukipeleka mtaa wa chini, kikakatwe mbele ya macho yake halafu kikalale miezi sita. Wamezoea kudanganywa kwa namna hiyo, ukiwapa kweli wanaishuku. Wengi waliondoka hivyo. Benchi likabaki tupu. Tukala maharage bila mafuta, na mama akaniambia mbele ya jirani kwamba nimerudi kutoka kwa mume ili nije niwaue kwa njaa.

Na kaka? Aliteseka kuliko mtu anayeachishwa sigara. Mteja akiingia, mkono wake unajiendea wenyewe mezani kutafuta mkasi. Siku moja nimetoka msalani nakuta pazia linatikisika, nalivuta, namkuta kaka mzima, baba wa nyumba, amechuchumaa anakata kitambaa cha mtu kwa wembe. Kwa wembe! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye mwenyewe akacheka, machozi yakamtoka, akaniambia, "Dada, imenishinda. Yule bwana alisema ataenda kwa Mzaire." Nikamwambia mwache aende. Nikamnyang'anya wembe.

Lakini mafurushi yakaanza kupungua. Tuliyashona moja baada ya moja, ya wapole kwanza, wale waliokuwa wamesahaulika, wengine hata walikuwa wameshakata tamaa. Kaka alikuwa anawapelekea mwenyewe majumbani, ila wengine nguo iliwakuta wamenenepa, na ya mmoja ilikuta msiba ambao ilikuwa ishonewe umeshapita. Yaliyoharibika kwa kukatwa ovyo aliwarudishia wenyewe vipande, akaomba radhi, akameza maneno yao. Ramadhani iliyofuata hapakuwa na furushi nyuma ya pazia. Asubuhi ya Idi mtaa wetu ulijaa watu wa kwa Mzaire wamevaa kanzu za mwaka jana, na wa kwetu wote, wale wachache tuliobaki nao, walivaa mpya. Tangu siku hiyo benchi lilijaa. Walirudi wenyewe, na kitambaa kizima mkononi, wanauliza siku gani waje.

Kaka akawa mtu mwingine. Hapa ndipo mniwie radhi, maana nikifika hapa huwa nakasirika. Alivuka hata pale nilipomtaka. Mimi nilitaka duka lipone. Yeye akageuza jambo lile kuwa heshima yake, uanaume wake. Akisema Alhamisi saa nne, ni Alhamisi saa nne. Umeme ukikatika anavuta cherehani karibu na mlango. Milio ya bunduki ikisikika kule milimani, na miaka ile ilisikika, yeye anapiga pindo. Jirani mmoja alimtania kwamba hata malaika wa mauti atasubirishwa mpaka amalize kola. Alipenda utani huo, akawa anaurudia kwa wateja. Mama akawa anajivuna sokoni, mwanangu ana neno moja. Na mimi nilijivuna kimya kimya, kwa sababu nilijua ni nani aliyemtengeneza.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne yule mama wa Kibagabaga akarudi. Nilimwona anavaa viatu pale kwenye kona nikataka kujificha. Aliingia, akasalimia, akaweka mezani furushi la vitambaa. Binti yake wa pili anaolewa. Kanisani kwao hawafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo harusi imepangwa Jumamosi ya baada ya Pasaka. Nguo ya bibi harusi, na za wasindikizaji wake. Kaka alikuwa amesimama hajui aweke wapi mikono. Akamuuliza, "Mama, umerudi kwangu tena?" Yule mama akasema, "Nimesikia siku hizi neno lako ni neno."

Kaka akaapa. Mbele yangu, mbele ya mama, mkono juu ya kitambaa, akaapa kwa jina la Mungu kwamba Alhamisi kabla ya harusi, saa nne asubuhi, nguo zote zitakuwa zimetundikwa, na asipozitimiza asiitwe fundi tena.

Februari mji ulichafuka. Watu waliuawa barabarani mchana, vijana wakafunga njia kwa mawe na magogo, wakawa wanadai vitambulisho. Vyetu vilikuwa na lile neno moja la kabila lililotosha kumuua mtu, na uso wa kaka ulikuwa uso wa mama, mrefu, hauhitaji kitambulisho. Baada ya Idi, mjomba wetu wa Gatsata, mwenye gereji, akaja na habari kwamba anapeleka pikapu yake Rusumo, mpakani, ana nafasi ya watu watatu, na hajui kama atapata njia tena. Mama ana dada yake Bukoba. Ndani ya saa moja tulikuwa tumefunga vyombo. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Kwaresima.

Kaka alikuwa amekaa kwenye cherehani. Alikuwa ameshona za wasindikizaji, ya bibi harusi alikuwa hajaikata hata kidogo. Kwa sheria yangu.

Nilimwambia inuka. Akasema, nendeni, mimi nitakuja Jumapili ile ya baada ya harusi, mjomba atanitafutia gari. Nikamwambia hakuna harusi itakayofanyika katika mji huu, huoni? Akasema, "Wamesema ipo. Mimi si wa kuwaambia haipo." Nikamwambia mrudishie kitambaa chake, ni kizima, hakijaguswa, hiyo ndiyo faida yake, atatafuta fundi mwingine. Akasema Pasaka ni kesho kutwa, fundi gani atapokea leo?

Mjomba alikuwa anapiga honi. Basi mimi, mimi niliyetembea na mkasi kiunoni mwaka mzima, nilipiga magoti kwenye vumbi la duka na nikamwomba kaka yangu adanganye. Nikamwambia mwachie jirani ujumbe, yule mama akija aambiwe kesho. Sema vifungo vimekwisha. Sema cherehani imeharibika. Sema chochote, ulikuwa unajua kusema, wewe ulikuwa bingwa, watu walikuwa wanaondoka wanacheka. Nakuomba, kaka, mwambie aje kesho.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Halafu akacheka, akanishika bega, vilevile alivyokuwa akiwashika wateja. Akasema, "Mama huyo nilimdanganya mara moja, akaniambia asante. Sitaki kuisikia tena asante ile. Nenda, mdogo wangu. Mshike Mama vizuri huko nyuma, barabara mbaya."

Mama alilia kutoka Nyabugogo mpaka Kayonza. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira na kaka mno.

Tulikuwa Bukoba usiku ule wa Jumatano ndege ya rais ilipodunguliwa na kila kitu kikabadilika. Tuliyasikia kwenye redio kwa mama mdogo. Hakuna simu, hakuna mtu, hakuna barua. Baada ya wiki chache mto ukaanza kuwaleta watu wetu ziwani, na mwaka ule sisi hatukula samaki. Mama alikuwa anauliza kila aliyevuka mpaka, umemwona fundi wa Biryogo, mrefu, ana kovu la pasi mkononi?

Nilirudi Kigali mwezi wa nane, peke yangu. Nyumba ilikuwa imesimama, milango hakuna. Jirani yetu, muuza sambusa, mwanamke aliyewaficha watu darini mwake wiki zote zile, alinipikia chai na kunieleza. Alisema kaka alimaliza nguo ya bibi harusi Jumatano jioni, akaipiga pasi, akaitundika. Alhamisi alfajiri redio ikaamuru watu wote wabaki majumbani. Yeye, jirani, alipita ukuta wa nyuma, akamwambia njoo kwangu, pana nafasi, njoo sasa hivi. Kaka akamwambia atakuja saa nne ikishapita. Alikuwa ameahidi saa nne. Kama yule mama ametoka kwa miguu Kibagabaga kabla redio haijatangaza, akute mlango umefungwa, atasemaje? Akaacha ubao mmoja wa mlango wazi, ili aonekane yupo. Jirani alimvuta mkono, kaka akamshinda nguvu.

Waliokuja waliona mlango uko wazi.

Jirani hakunieleza zaidi na mimi sikuuliza. Walichukua cherehani zote mbili na nguo zote zilizotundikwa. Yule mama wa Kibagabaga hakuonekana siku ile. Kama alitoka nyumbani, au hakuwahi kutoka, au binti yake yuko hai, sijui. Nilikwenda Kibagabaga kuuliza, nikakuta migomba na nyumba zisizo na mapaa.

Watu huniambia sikukosea, na kweli sikukosea. Ndicho kinachoniuma. Ningekuwa nimekosea ningetubu nikapumzika. Mafundi wengine wa mtaa wetu, wale waongo, walikimbia siku ile na kuacha vitambaa vya watu vimekatwa mezani, wala hawakugeuka nyuma. Wako hai baadhi yao. Mmoja yuko hapa hapa kwenye ushirika, na bado anawaambia watu waje kesho, na mimi nikimsikia natamani kumkumbatia na kumpiga kwa pamoja.

Nilirudi Bukoba kumwambia mama. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nilimweleza kila kitu, saa nne, ubao wa mlango, mkono wa jirani. Hakulia. Aliendelea kuchambua, akitoa mawe, mpaka mchele wote ukaisha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ungemwachia mwanangu uongo wake."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tukala pamoja, nikamuuguza, nikamzika. Hakulisema tena.